Nimetoboa jeti ya kabureta, pikipiki imekuwa nzito

SWALI: Habari fundi. Pikipiki yangu ni ya kabureta, niliifunga ekzosi ya wazi na filta ya wazi ili ipate mbio, ikawa ukivuta resi yote inakatakata na injini inachemka sana. Jamaa akaniambia hapo mafuta hayatoshi, toboa jeti, kile kipande chenye tundu la kupitisha mafuta. Nikachukua biti ya milimita 1.2 nikapanua jeti kubwa iliyokuwa 1.0. Sasa moshi mweusi, plagi inajaa masizi, mafuta inakunywa balaa na mbio hazipo. Nimekosea wapi?

JIBU: Mkuu, jamaa yako ugonjwa aliujua, dawa ndo kazidisha. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta injini inachemka, na ukikomaa nayo hivyo hivyo unaweza kutoboa pistoni, kwa hiyo kupandisha jeti ilikuwa sawa kabisa. Shida ni biti. 1.0 kwenda 1.2 unaona kama kidogo tu, ila tundu ni duara bwana, 1.2 mara 1.2 ni 1.44, yaani njia ya mafuta imepanuka kwa asilimia 44! Tena biti inaacha mikwaruzo ndani, mafuta hayapiti kama kwenye tundu la kiwandani. Mimi mwenyewe nilishawahi kutoboa, jeti ikaishia kwenye kopo la vyuma chakavu.

Petroli inaungua yote kwenye kilo 14.7 hivi za hewa kwa kilo 1 ya mafuta, nguvu nyingi unaipata kwenye kilo 12.5 mpaka 13 za hewa. Ukizidisha mafuta kupita hapo huongezi mbio, unatengeneza masizi tu.

Sasa tafuta jeti mpya ya 1.0 kisha upande taratibu, 1.05 kwanza, usiruke. Bandika kipande cha tepu kwenye mkono wa resi uweke alama za robo, nusu na robo tatu, maana jeti kubwa inatawala kuanzia robo tatu kwenda juu, kati hapo ni sindano (ile inayopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta resi), chini kabisa na sailensa (injini ikinguruma bila resi) ni jeti ndogo na skrubu yake. Watu wengi wanabadilisha jeti kubwa wakati ugonjwa uko kwenye sindano! Ikikosa nguvu kwenye nusu resi, shusha klipu ya sindano pengo moja, sindano itapanda na mafuta yataongezeka. Skrubu nayo angalia iko wapi: ikiwa upande wa filta ni ya hewa, ukikaza mafuta yanazidi, ikiwa upande wa injini ni ya mafuta, hiyo ukilegeza ndo mafuta yanazidi.

Kupima, tafuta barabara iliyo wazi, vuta resi yote kwa muda, kamata klachi uzime injini hapo hapo, usiiache ingurume sailensa. Fungua plagi: kahawia hafifu ni safi, nyeupe ongeza jeti, nyeusi punguza. Ila weka plagi mpya kwanza, hiyo uliyonayo kwa masizi yale haitakwambia kitu.