Kilele chukueni, mimi nipeni Mafate

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Ukilipiwa nauli ya kwenda kupanda mlima mmoja nje ya Tanzania, utapanda upi, na kwa njia gani?" Najua wengi watawajibu kwa mita. Sisi wenye Kilimanjaro tumeharibiwa na hesabu hiyo. Mlima usiofika elfu nne tunauona kichuguu. Jibu langu lina mita 2,081 tu, na hapo ndipo pa juu kabisa katika safari nzima. Nauli hiyo nipeni niende kisiwa cha Réunion, nianzie Cilaos, nivuke Mafate, nitokee Salazie.

Kisiwa hicho nakijua kwa sababu dada yangu ameolewa Saint-Louis, na shemeji ni mtu asiyekaa nyumbani Jumapili. Kiko mashariki ya Madagaska na ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946. Kwa ukubwa ni kama Ukerewe tano hivi. Lakini Ukerewe unaizunguka kwa baiskeli huku unapiga soga. Réunion imesimama wima. Volkano mbili ndizo zilizokijenga. Piton des Neiges, yenye mita 3,070, imelala kwa maelfu ya miaka. Piton de la Fournaise bado iko macho, na miaka mingi haimaliziki bila kutapika lava. Ile kongwe imeporomoka na kuliwa na mvua hadi ikaacha mabonde matatu makubwa yaliyozungukwa na kuta za mamia ya mita: Cilaos, Salazie na Mafate. Mawili yana barabara. Mafate haina. Hakuna gari wala bodaboda; unaingia kwa miguu au kwa helikopta. Na huko ndani wanaishi watu mia saba, mia nane hivi, wana shule, vioski na umeme wa jua.

Mtu wa Mwanza akifika huko, jambo la kwanza ni kuacha kuliamini jiwe. Mawe yetu, kuanzia Jiwe la Bismarck hadi yale yaliyobeba nyumba za Mabatini na Igogo, ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yamekwisha kuporomoka yaliyotaka kuporomoka. Tumeyaparamia pekupeku tangu utotoni na mguu unashika. Réunion ilichomoza baharini miaka milioni tatu hivi iliyopita, na kwa mawe huo ni utoto. Lava ngumu imelala juu ya majivu na kokoto, kisha lava tena, kisha majivu tena. Maji yakipenya kwenye tabaka laini, genge zima linakatika na kushuka na njia yake. Ndiyo maana shirika la misitu la Ufaransa, ONF, hutoa orodha ya njia zilizo wazi na zilizofungwa, na shemeji huisoma kabla hajagusa kamba za viatu. Kwetu tungeiona ni urasimu.

Mvua yenyewe si ya mchezo. Januari 1966, kimbunga Denise kilipopita, mahali paitwapo Foc-Foc kwenye miinuko ya kisiwa hicho palipimwa milimita 1,825 ndani ya saa 24, rekodi ya dunia. Mwanza nzima haipati maji hayo kwa mwaka. Kwa hiyo anayekwenda aende kati ya Mei na Novemba. Desemba hadi Machi ni msimu wa vimbunga, na mito ya huko hufurika ghafla bila kumsubiri mtu avuke.

Sasa njia. Huko wana njia ndefu zilizopewa namba: R1 inauzunguka Piton des Neiges kwa kilomita 60 hivi, R2 inakikata kisiwa chote kwa kilomita zipatazo 130, na R3 inazunguka humo humo Mafate. Zote zina alama za mstari mweupe na mwekundu, kwenye jiwe au kwenye mti. Ukikuta rangi hizo zimechorwa msalaba, umepotea, rudi. Kilichonishangaza zaidi ni vibao. Vinaandika saa, si kilomita, na vina haki. Kilomita moja ya huko inaweza kukumaliza asubuhi nzima.

Kutoka Saint-Louis unapanda gari hadi Cilaos kwa barabara yenye kona zaidi ya mia nne (anayetapika kwenye basi la Bukoba ajiandae). Mwanzo wa njia uko nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Îlet à Cordes. Kuanzia hapo ni kupanda tu, zaidi ya mita mia nane kwenda juu, kwa ngazi za mawe na za magogo, hadi kwenye upenyo wa ukuta uitwao Col du Taïbit. Hesabu saa tatu kama wewe si mbuzi. Hapo juu ndipo mita zangu 2,081 zilipo. Nyuma yako ni Cilaos, mbele ni Mafate yote, vilima ndani ya bonde, na juu ya kila kilima tambarare ndogo yenye mapaa machache ya bati.

Halafu unashuka, na hapa ndipo wapanda milima wetu wanapodanganyika. Kupanda kunakula pumzi. Kushuka kunakula magoti na misuli ya mapaja, na maumivu yake huja kesho yake, unaposhindwa kukaa kwenye kiti. Chukua fimbo mbili. Baada ya saa moja na ushee unafika Marla, kitongoji cha juu kuliko vyote vya Mafate, mita 1,600 hivi. Lala hapo. Siku ya pili ni fupi: saa mbili hivi hadi La Nouvelle, ambacho ndicho kijiji kikubwa. Mwenye nguvu azungukie Trois Roches, mahali mto unapotumbukia kwenye ufa wa mwamba na kupotea. Siku ya tatu unapita uwanda wenye miti yenye mashina yaliyopinda na kulala. Wenyewe wanaiita tamarini, lakini ni jamii ya migunga, haina ukwaju wowote. Mwisho unapanda Col des Boeufs, mita 1,956, na chini yake upande wa Salazie magari yanakungoja.

Unalala kwenye nyumba za wageni za wenyeji, vyumba vya vitanda vya juu na chini, na jioni mnakula meza moja: wali, dengu au maharage, mchuzi wa manjano uliopikwa kwa kuni, na kachumbari ya pilipili wanayoiita rougail. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa kitu kwenye sahani hiyo. Nilitamani michembe tu, vile viazi vitamu vyetu vilivyokaushwa, kwa ajili ya njiani. Hakuna chakula chepesi mkobani kinachoishinda. Lakini msijaribu kuipitisha uwanja wa ndege, vyakula vya mimea hukaguliwa.

Ila sijachagua Mafate kwa ajili ya dengu. Nimeichagua kwa sababu ya waliochonga njia zile. Kisiwa kilikuwa koloni la mashamba, la kahawa kwanza, baadaye miwa, na waliolima walikuwa watumwa kutoka Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika bahari hii. Kilwa yetu hii hii, mnayoandikia makala za magofu. Waliotoroka mashambani walikimbilia ndani, kwenye mabonde ambayo farasi hawezi kufika. Mafate lilikuwa jina la kiongozi wa watoro hao. Cimendef, mlima unaoonekana toka sehemu nyingi za bonde, nao umebeba jina la mtoro. Wakoloni waliajiri wawindaji wa kuwafuata, wakiongozwa na watu kama François Mussard. Utumwa ulifutwa huko tarehe 20 Desemba 1848, na siku hiyo hadi leo ni sikukuu ya kisiwa kizima. Baadaye waliingia pia Wazungu maskini wasiokuwa na ardhi pwani, na wazawa wa leo ni mchanganyiko wa wote.

Kwa hiyo ngazi inayokutoa jasho pale Taïbit haikuwekwa kwa ajili ya mtalii mwenye buti mpya. Watu walipita humo na mizigo, wagonjwa na barua. Tarishi wa Mafate, Ivrin Pausé, alibeba posta kwa miguu kuanzia 1951 hadi 1991, kitongoji hadi kitongoji. Sisi tuliozaliwa kwenye miinuko ya Mwanza, ambako mama zetu walipandisha ndoo ya maji kichwani mahali gari lisipofika, tunaielewa njia ya namna hiyo kuliko tunavyoelewa kilele. Kileleni hakuna mtu anayeishi. Unapiga picha, unaganda, unashuka.

Na kwa kuwa mtauliza: Piton des Neiges hupandwa kutoka Cilaos hiyo hiyo, unalala kwenye nyumba ya Caverne Dufour, unaamshwa usiku wa manane kuona jua likichomoza, ukiwa kwenye foleni ya tochi. Kilele ni kizuri, sibishi. Piton de la Fournaise inafaa familia ikiwa imetulia. Ikianza kutapika, eneo la kreta linafungwa. Kuna pia mbio za Oktoba za zaidi ya kilomita 160 zinazokatiza kisiwa, na hao wanaozikimbia waombeeni tu.

Ambaye nauli yake inaishia njiani aende Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, akapande Karthala, mita 2,361, volkano hai iliyofukuza watu vijijini kwa majivu mwaka 2005. Lugha ya huko ni ndugu ya Kiswahili, sokoni hautapotea. Ningekwenda huko kama chaguo la pili, bila kinyongo.

Kwa atakayefuata ushauri wangu: viza ya Schengen peke yake haitoshi Réunion, omba ile inayotaja kisiwa. Vitanda vya Marla viwekwe mapema, hasa wakati wa likizo za shule. Na mwenye magoti mabovu aiache Taïbit, aingie na kutoka kwa Col des Boeufs. Ni saa mbili hivi hadi La Nouvelle, na hata watoto wa shule ya msingi wanaimudu. Mkimpata mwenye kulipa hiyo nauli, nijulisheni kabla ya Mei.

Msomaji wenu, Isamilo, Mwanza