Hivi hiyo ni sanaa au vyombo havijaoshwa?

SWALI: Mambo mhariri, nimeona picha za mama mmoja anaitwa Laura Letinsky, meza tu, kitambaa cheupe kina madoa, maganda ya matunda, glasi chafu. Jamani kuna maana hapo au ndo tunauziwa mbuzi kwenye gunia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hahaha, poa ndugu yangu, vyombo kweli havijaoshwa ila ni makusudi. Letinsky ni mpiga picha, kazaliwa Winnipeg, Kanada, 1962, akasomea Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, sasa ni profesa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwanzoni alikuwa anapiga picha za wapenzi wakiwa ndani kwao, mwishoni mwa miaka ya 1990 ndo akahamia mezani, na ukiangalia vizuri stori ni ileile tu, wenyewe washaondoka, yamebaki makombo.

Sasa zamani kule Uholanzi, karne ya 17, wachoraji walikuwa wanaweka vitu kwa mafumbo, fuvu ni kifo, mshumaa uliozimika ni maisha yamekatika, limau lililomenywa nusu linapendeza machoni ila lionje uone! Letinsky fuvu haweki, yeye anakuonyesha karamu imeisha. We tazama ukingo wa meza, mara nyingi sahani imesogezwa kabisa kama inadondoka, Waholanzi nao walipenda hivyo, unajikuta unataka kuidaka.

Baadaye akaanza kukata picha za vyakula kwenye majarida akazichanganya na vitu halisi, hizo mi binafsi hazijanikaa sana.