USIFOMATI HIYO KOMPYUTA LEO USIKU

Mkuu, acha. Weka flashi chini. Umesema programu yako ya stoo ni FoxPro, ile ya zamani ya kutunzia data, ya DOS, mfumo uliotangulia Windows; iko kwenye kompyuta ya Windows XP, umenunua laptop ya Windows 11, unataka kujua itafungukaje na printa ya risiti utaiungaje, halafu leo usiku unaifomati ya zamani umpe mpwa wako. Mpwa asubiri.

Mimi nina duka la vipuri, FoxPro hiyohiyo, toleo la 2.6. Fundi akaniambia, "Bosi, hiyo ndogo. Unabofya kulia, unaichagulia XP ili idhani iko kwenye Windows ya zamani, inafunguka." Akanakili faili za DBF tu, zile za majedwali, "data ndiyo hii," akafomati diski, akachukua elfu thelathini yangu na soda juu. Kufika nyumbani, laptop ikagoma. Na ingegoma tu: Windows ya biti 64 haina kile kipande cha kuendeshea programu za DOS, na Windows 11 inakuja ya biti 64 peke yake. Uichagulie XP, uichagulie 95, unamvalisha marehemu suti.

Hilo ningelimeza. Kilichoniua ni FPT. Jedwali la FoxPro likiwa na sehemu ya maelezo marefu, maelezo hayo hayakai ndani ya DBF. Yanakaa kwenye faili ya pembeni, jina lilelile, mwisho wake FPT. Faili hiyo isipokuwepo, jedwali lenyewe halifunguki. Na mimi wadaiwa wangu wote walikuwa humo: nani kachukua giaboksi, kalipa nusu, ataleta lini. Zaidi ya milioni nne, kwaheri. Kuna mteja mmoja mpaka leo ananisalimia kwa tabasamu pana kupita kiasi. Nilipompigia yule fundi akasema, "Sasa bosi si ungeniambia?" Nikuambie nini, wewe si ndiye fundi!

Nakili folda nzima, kila faili, hata usiyoijua kazi yake. Kwenye laptop weka vDos au DOSBox, programu zinazoigiza kompyuta ya DOS, fungulia humo, tafuta deni moja unalolijua kwa kichwa. Likitokea na maelezo yake yote, BADO hufomati. Ng'oa diski ya XP, izungushie gazeti, ifungie kabatini. Mpwa mtafutie diski nyingine.

Mbona hujibu? Usiniambie umeshabonyeza.