Modeli ikigoma kutulia, rudi kwenye vidoa

Nilikaa siku kumi na moja hapa Nyegezi nikihangaika na muundo (yaani mpangilio wa atomu) wa kampaundi moja ya shaba, na kosa lote lilikuwa kwenye mstari mmoja wa faili. Naandika kwa ajili yako uliyeotesha fuwele zako Mwanza, ukazituma nje zikapigwe eksirei, ukarudishiwa kwa barua pepe data ya vidoa ambavyo eksirei huvitoa ikipita kwenye fuwele, na sasa uko peke yako mbele ya kompyuta. Hakuna jirani wa kumgongea mlango saa nne usiku ukamuuliza R1, namba inayoonyesha modeli yako iko mbali kiasi gani na data, imegandia nini.

Kundi la ulinganifu ni kanuni inayoeleza jinsi molekuli moja inavyorudiwa ndani ya fuwele mpaka ijaze nafasi yote: kwa kuzungushwa, kuakisiwa, au kusogezwa nusu hatua. Makundi yako 230. Ukikosea kundi, mara nyingi programu haikatai. Inaendelea kukokotoa kwa utiifu fuwele ambayo haipo.

Mimi natumia SHELXL, programu ya George Sheldrick ya kunoa modeli, yaani kuirekebisha mpaka ilingane na data, na jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba programu hii haisomi jina la kundi. Jina unaloliandika kwenye TITL, mstari wa kichwa cha faili, ni kama lile lililopakwa rangi ubavuni mwa mtumbwi pale Mwaloni, Kirumba: watu wanautambua kwalo, lakini si jina linaloupeleka ziwani. Kinachofanya kazi ni LATT, inayotaja aina ya kimiani (mpangilio wa seli, visanduku vidogo vinavyojirudia), na SYMM, inayotaja kanuni za kurudia molekuli ndani ya seli. TITL yangu ilitaja kundi P21/n, na fuwele ilikuwa ya P21/n kweli. Mistari ya chini nilikuwa nimeinakili kutoka faili la kazi ya zamani iliyokuwa P21/c. Palipotakiwa SYMM 0.5-X, 0.5+Y, 0.5-Z, palikuwa na SYMM -X, 0.5+Y, 0.5-Z. Hayo mawili ni kundi lilelile, namba 14, ila mihimili imechaguliwa tofauti, kwa hiyo pembe za seli hazikupingana na chochote na programu ikapita kimya. R1 ikaganda kwenye 0.28.

Nilibadilisha aina za atomu. Nikafuta, nikaanza upya. Kumbe jibu lilikuwa mwanzoni mwa faili la .lst, ripoti ambayo programu huiandika, sehemu niliyozoea kuiruka: orodha ya vidoa ambavyo kwa kundi nililolitaja havikupaswa kuonekana, na vinaonekana. Kila kidoa hutajwa kwa namba tatu, h, k na l. Kimoja kilikuwa 5 0 3, kikali kabisa. Katika P21/c, kidoa cha h0l (chenye k sifuri) ambacho l yake ni witiri hukosekana. Katika P21/n kinachokosekana ni kile ambacho jumla ya h na l ni witiri. Tano na tatu ni nane, shufwa, kwa hiyo 5 0 3 kilikuwa na haki ya kuwepo. Programu ilikuwa inakitupa pamoja na wenzake wengi, kisha inanoa modeli kwa mabaki. Nilirekebisha ule mstari, nikatatua muundo upya, na R1 ikashuka hadi 0.041 usiku uleule.

Tangu hapo sigusi atomu hata moja kabla sijasoma .lst kuanzia juu.

Kosa jingine ni gumu zaidi kulishika, kwa sababu vidoa vinavyokosekana havikusaidii. Makundi Cc na C2/c hukosa vidoa vilevile. Tofauti yao ni kitovu cha ulinganifu tu, yaani nukta ambayo kila atomu ina mwenzake upande wake wa pili, kwa umbali uleule. Niliwahi kunoa muundo katika Cc ukafika 0.06, nikafurahi, halafu nikaiangalia pete ya benzini kwa karibu: bondi moja angstrom 1.31, ya pili yake 1.47, wakati zote zilipaswa kukaribia 1.39. Atomu nyingine zilichorwa ndefu kama mbegu za tikiti. Nikaanza kuzifunga kwa vizuizi, yaani masharti ya kuzilazimisha zikae inavyotarajiwa, na kila kizuizi kikaomba kingine. Hapo ndipo pa kusimama. Kama unahitaji vizuizi vingi hivyo kwenye data nzuri, shuku kundi kwanza.

Dalili nyingine zilikuwepo. Kigezo cha Flack, kinachopaswa kukaribia 0 kama fuwele haina kitovu na modeli ni sahihi, kilikuwa karibu na 0.5. Molekuli mbili zilizodaiwa kuwa huru zilikuwa zinavutana, viwianishi vya moja vikifungamana na vya mwenzake. Na wastani wa |E²-1|, ambapo E² ni ukali wa kidoa uliosawazishwa, ulikaribia 0.968, thamani ya fuwele yenye kitovu. Isiyo na kitovu hukaribia 0.736. Namba hii uitumie kwa tahadhari, maana fuwele pacha (mbili zilizoota zikiwa zimeungana) huishusha.

ADDSYM, kipengele cha kutafuta ulinganifu uliokosekana ndani ya PLATON, programu ya Ton Spek, ndiyo iliyonionyesha kitovu nilichokikosa. Ukitazama faili, tofauti ya Cc na C2/c ni alama moja ya kutoa: LATT -7 (isiyo na kitovu) inakuwa LATT 7 (yenye kitovu). Usiifute alama hiyo ukadhani umemaliza. Lazima chanzo cha seli, pale viwianishi vinapoanzia sifuri, kihamie kwenye kitovu na nusu ya atomu ziondoke, la sivyo molekuli zitapandana. Mimi huona ni salama zaidi kutatua upya ndani ya kundi jipya kuliko kusogeza kwa mkono. Na usione haya: Richard Marsh wa Caltech alitumia miaka mingi akisahihisha makundi ya miundo iliyokwisha chapishwa na wataalamu.

Ombi langu la mwisho kwa wanaotuma fuwele mbali. Kama kimiani chenyewe kilikosewa wakati wa kupima vidoa, faili la vidoa (.hkl) na la maelekezo (.ins) hayatakuokoa, utahitaji picha ghafi kutoka kwenye mashine. Faili hizo ni nzito na maabara nyingi hazizitunzi milele. Siku unayopokea data, jibu barua pepe ileile na uziombe, hata kama itabidi uzipakue usiku kucha kwa bando.