Bledi ikiunguza mbao, ioshe kabla ya kuinoa

Mbao ikitoka kwenye msumeno wa mviringo na ukingo mweusi, mafundi wengi hapa Unguja husema bledi imekwisha makali. Itazameni vizuri kwanza, mafundi wenzangu. Mara nyingi makali yapo, ila yamefunikwa na ulimbo.

Ulimbo huo ni utomvu wa mbao uliopikwa na joto. Paina tunazoletewa kutoka bara zinao mwingi, khasa zikiwa hazijakauka. Ukishaganda kwenye meno, bledi husugua badala ya kukata, joto likazidi, na ulimbo ukazidi nalo. Fundi naye huisukuma mashine kwa nguvu, na hapo ndipo inapobana ikamrukia.

Kabla ya lolote, chomoa plagi ukutani. Umeme ukiwa umekatika, bado chomoa: umeme ukirudi na swichi imebanwa, vidole havina muda wa kukimbia. Vaa glavu nene, ukumbuke kwamba kwenye misumeno mingi nati hulegea ukiizungusha upande ule ule bledi inakozungukia.

Laza bledi kwenye beseni la plastiki lenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kutosha. Iache robo saa, kisha sugua kila jino kwa mswaki mkuukuu, au brashi ya nyaya za shaba pale palipoganda sana. Usikwangue kwa kisu wala kwa brashi ya chuma. Kwenye bledi nyingi ncha za meno ni kabaidi ya tangsteni, ngumu sana lakini hupasuka upesi. Hata kuibwaga bledi juu ya saruji kunatosha kumega jino.

Nimeona watu wakiichoma bledi kwa moto ulimbo uungue. Hilo linaharibu ugumu wa chuma chenyewe, na bledi iliyopinda kwa joto ni hatari kuifunga tena. Petroli nayo iacheni, mvuke wake unawaka kwa cheche moja tu, na karakana imejaa vumbi la mbao. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, inaondoa ulimbo kweli, lakini inaunguza ngozi na kupofua macho, na ikiwekwa kwenye sufuria ya alumini huchemka na kutoa gesi inayowaka. Sabuni inatosha. Na asikudanganye mtu kufuta bledi kwa kitambaa huku mashine inazunguka!

Ukishaosha, suuza na ukaushe papo hapo. Kwa hewa yetu ya bahari, bledi iliyolala na maji huamka na kutu. Ipake mafuta ya cherehani kidogo tu; ya kupikia yakikaa hunata. Yafute kabla ya kukata, yasije yakatia doa mbao ya mteja.

Angalia pia nyufa na meno yaliyong'oka. Bledi yenye ufa haioshwi, inatupwa. Iliyo nzima ifunge kwa kufuata mshale uliochorwa juu yake, kaza nati, halafu iwashe bila mbao, usimame pembeni na kusikiliza kama inayumba.