Naogopa kumgusa mwanangu njiti

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Nimejifungua mtoto wa kike mimba ikiwa ya wiki 30, akiwa na gramu 1,350. Leo ana siku 11, yumo kwenye mashine ya joto na analishwa kwa mpira wa puani. Wauguzi wanamgeuza, wanambadilisha, wanamlisha, nami nasimama pembeni kama mgeni. Hata kumgusa naogopa, nahisi nitamvunja. Wenzangu wodini wanawaongelesha watoto wao. Mimi nasikia woga tu. Je, nina kasoro?
Mama wa Siku 11

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kujifungua. Naandika hongera kwanza kwa sababu mama wa njiti hupewa pole nyingi, hongera ikasahaulika.

Huna kasoro yoyote. Mwanangu wa pili alizaliwa wiki ya 32, nami tayari nilikuwa muuguzi wa watoto njiti. Mikono iliyozoea watoto wa wenzangu ilitetemeka kwa wangu. Siku ya nne mwenzangu wa zamu aliniketisha, akamlaza kifuani pangu. Sikio lake lilikuwa laini mno, limekunjika likabaki hivyo hivyo. Nikalinyoosha kwa ncha ya kidole. Umama wangu kwake ulianzia hapo, kwenye lile sikio; kabla ya hapo nilikuwa na woga kama wako.

Kwa hiyo usingoje woga uishe ndipo umguse. Mguse, woga utapungua wenyewe.

Uliza leo kama hali yake inaruhusu abebwe kikangaruu. Mpira wa puani peke yake si kizuizi. Anavuliwa nguo, anabaki na nepi, kofia na soksi, anasimamishwa wima katikati ya matiti yako, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande na kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isibanwe. Kisha mnafungwa pamoja kwa kitambaa. Kaa naye angalau saa nzima, maana kumtoa na kumrudisha kunamchosha. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wakati Dkt. Edgar Rey Sanabria alipokuwa na mashine zisizotosha watoto. Lakini usidhani ni ya penye uhaba tu: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njiti abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Kifua cha baba nacho kinafaa, mwite.

Wakisema bado, ingiza mikono kwenye mashine. Usimpapase, mguso mwepesi unaotembeatembea humkera njiti. Weka kiganja kimoja kichwani, kingine kikusanye nyayo zake, utulie tuli. Akitanua vidole, akipata kwikwi au akikwepesha macho, amechoka: nyamaza, tuliza mikono, kisha iondoe polepole. Rangi ikibadilika au pumzi ikikatika, mwite muuguzi papo hapo. Baada ya siku chache utazisoma ishara hizo kabla ya yeyote wodini.

Halafu maziwa. Kamua mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo, hata yakitoka matone. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja karibu na wiki ya 34, ukihesabu pamoja na wiki za mimba, na wako sasa amefika wiki 31 na siku 4. Akiwa kifuani ataanza kulamba chuchu. Mwache alambe, anajifunza.

Kesho vaa nguo inayofunguka mbele, nawa mikono hadi viwiko, mwambie muuguzi wa zamu: naomba kumbeba mwanangu. Akikuuliza kama uko tayari, mwambie bado unaogopa, lakini umekuja.