Hita imekufa, duka linasema mali hairudishwi: kwa nini mkoa wetu usitunge sheria yake?

SWALI: Shikamoo mshauri. Baridi ilipokolea huku kwetu nikanunua hita ya maji ya kuogea hapa hapa Makambako, haijamaliza hata mwezi ikazima moja kwa moja. Nimeirudisha, muuzaji akageuza risiti akanionyesha mhuri, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, akasema soma mwenyewe mzee. Sasa shemeji yangu anaishi Marekani, jimbo la Michigan, ananiambia kule kila jimbo lina bunge lake na sheria yake ya kumlinda mnunuzi, na la kwao wanapambana kuirekebisha. Kwa nini na sisi Njombe tusitunge ya kwetu? Baba Tumaini, Makambako.

JIBU: Marahaba Baba Tumaini, na pole sana, najua maji ya huko asubuhi yalivyo.

Nianze na huo mhuri maana unaniudhi kweli kweli, umejaa kwenye maduka kuanzia Mafinga mpaka Tunduma na watu wanarudi nyumbani kimya wakidhani ndo sheria. Sio sheria. Tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya tangu 1931, enzi za Mwingereza, hiyo inataka bidhaa iwe nzima na ifae kazi yake ila inaruhusu muuzaji na mnunuzi wakubaliane kuliweka hilo pembeni, na hapo ndo wenye mihuri wanapopitia. Lakini Bunge likaleta Sheria ya Ushindani ya 2003, na kwa mtu kama wewe uliyenunua kitu cha matumizi ya nyumbani, haki yako ya kupata kitu kinachofanya kazi haifutwi na maandishi ya dukani. Tume ya Ushindani, FCC, wameshalisema hili hadharani.

Kuhusu mkoa kutunga sheria, hapana, mkoa hauna hayo mamlaka. Sheria zinatungwa na Bunge Dodoma, halmashauri yenu ya mji inaweza kutunga sheria ndogo tu, zile za masoko, usafi, ushuru, na hazitakiwi kupingana na sheria ya Bunge.

Na shemeji yako kasema kweli ila hajamalizia. Michigan wana sheria yao ya mlaji tangu 1976 na ilikuwa nzuri tu, tatizo ndani yake kuna kifungu kinachosamehe shughuli iliyoruhusiwa na mamlaka ya serikali, basi Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1999 na tena 2007 ikakitafsiri kwa upana mpaka biashara nyingi zenye leseni zikawa nje ya sheria, hiyo kesi ya 2007 ilihusu wajenzi wa nyumba wenye leseni. Yaani ukiwa na leseni ndo unapona! Tangu hapo wabunge wa jimbo wameleta miswada zaidi ya mara moja kuziba hilo tundu. Massachusetts, jimbo jingine la huko huko Marekani, wao wako vizuri zaidi, mnunuzi anaandika barua ya madai, muuzaji anapewa siku 30 ajibu, na akikaidi kwa makusudi mahakama inaweza kumlipisha mara mbili mpaka mara tatu ya hasara.

Hicho ndo ningependa wabunge wetu wakitazame. Huku kwetu haki za mlaji zimetawanyika, ubora uko TBS, mizani Wakala wa Vipimo, simu TCRA, maji na umeme EWURA, na mama wa Ludewa aliyeuziwa pasi mbovu hajui aanzie wapi, na nauli ya kufuatilia inazidi bei ya pasi. Mbunge wenu akija kwenye mkutano mwambieni hilo, mtajieni na Massachusetts.

Kwa sasa fanya hivi. Piga picha risiti pande zote mbili (natumaini ni ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi), andika barua fupi, taja tarehe uliyonunua, bei, ilivyozima, na unachotaka, wabadilishe au warudishe hela, wape siku kumi na nne, nakala moja waisaini ubaki nayo. Wakigoma peleka malalamiko FCC, wana ofisi ya kanda yetu Mbeya mjini. Na tafadhali hita usimpe fundi wa mtaani aifungue, watasema umeiharibu mwenyewe, iache kama ilivyo na boksi lake.